Paka Ni Wetu Sote, Ila Tarehe ya Chanjo Anaijua Mmoja

Penzi likionekana kupoa, ushauri wa kwanza ambao wenzi hupewa ni kutafuta kitu cha kufanya pamoja. Jifunzeni dansi. Limeni bustani ya maua. Fugeni mbwa. Wanaoutoa ushauri huu wana nia njema, lakini wanaitazama raha peke yake, na raha haijawahi kuwa tatizo. Sijasikia wenzi waliovunjiana heshima kwa sababu kila mmoja alitaka kumpakata mtoto wa paka. Ugomvi huanzia kwingine: nani aliona kwamba chakula chake kinakaribia kwisha, nani alikumbuka kuwa chanjo ya pili ilikuwa wiki iliyopita, nani aliamka saa tisa usiku aliposikia mnyama anatapika uvunguni, na nani aligeukia ukutani akajifanya amelala.

Dai langu ni kwamba kitu cha nyumbani huwa cha watu wawili pale wanapogawana kazi ya kukifikiria. Kugawana kukifurahia hakutoshi. Na katika vitu vyote vya nyumbani, mnyama ndiye anayelifichua jambo hili upesi zaidi, kwa kuwa hakubali maelezo. Vyombo vichafu vinaweza kulala hadi kesho na nyumba isianguke. Mbwa mwenye njaa halali, na samaki aliyesahauliwa hufa bila kulalamika.

Tuwatendee haki wanaoshauri, maana ushahidi wanao. Mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Aron na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa wenzi wanaofanya pamoja jambo jipya na la kusisimua huuona uhusiano wao kuwa bora zaidi mara baada ya kulifanya. Katika majaribio hayo wenzi walifungwa pamoja mkono kwa mkono na mguu kwa mguu, kisha wakatambaa juu ya magodoro ya mazoezi wakibeba mto ambao hawakuruhusiwa kuushika kwa mikono wala kuuuma. Kazi yenyewe ilichukua dakika 7 hivi. Walicheka, wakagongana, na walipojaza dodoso baadaye wakajikuta wanapendana kidogo zaidi kuliko wale waliopewa kazi ya polepole isiyo na msisimko.

Silibishi matokeo hayo. Ninachouliza ni nani aliyetandika magodoro. Ni watafiti waliotafuta chumba, wakapanga saa, wakanunua mto, wakashika saa ya kuhesabia na kuvikusanya vitu vyote mwisho wa zoezi. Wenzi walifika tu, wakacheza, wakaondoka. Nyumbani hakuna mtafiti. Kila wenzi wanapofurahia jambo la pamoja, mmoja wao ndiye aliyetandika magodoro, na akiwa ni yuleyule kila mara, basi jambo hilo ni burudani kwa mmoja na zamu ya kazi kwa mwingine, hata kama wote wawili wanacheka kwenye picha.

Mwanasosholojia Allison Daminger aliipa kazi hii isiyoonekana sura inayoweza kujadiliwa. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2019, baada ya kuwahoji wenzi wa nyumba 35, aliigawa kazi ya kufikiria mambo ya nyumbani katika hatua 4: kuiona haja kabla haijafika, kutafuta njia za kuitimiza, kuamua, na kufuatilia kama jambo limekwenda sawa. Kuamua, alikuta, mara nyingi hufanywa na wote wawili. Hatua ya kwanza na ya mwisho, yaani kutazamia na kufuatilia, ndizo zilizowaangukia wanawake zaidi. Hizo mbili ndizo zinazochosha, maana hazina saa ya kuanza wala ya kumaliza, na hakuna anayeshukuriwa kwa kuzifanya. Anayeamua huonekana ameamua. Anayetazamia haonekani kabisa, mpaka siku aache.

Hebu tuiweke kwa mbwa. Mtoto wa mbwa huhitaji dawa ya minyoo mara kadhaa katika wiki zake za mwanzo, na chanjo zake za msingi hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi afikishe wiki 16 hivi, kisha hurudiwa tena ndani ya mwaka. Kumpeleka kwa daktari wa mifugo ni kazi ya saa moja au mbili, na mara nyingi wote wawili huenda, wanapiga picha, wanarudi wamefurahi. Lakini safari hiyo ni hatua moja tu. Kabla yake mtu alikuwa amezihesabu wiki kichwani, akaitafuta kadi ya chanjo, akaona kwamba tarehe inaangukia siku ambayo wote wana shughuli, akapiga simu kuisogeza. Baada yake mtu huyohuyo atautazama mguu uliochomwa sindano kama umevimba, atamwangalia mbwa kama amekula jioni ile, atayakumbuka maneno ya daktari kwamba asitoke kuchangamana na mbwa wengine bado. Ukimuuliza aliyeshika kamba siku ile, atakujibu kwa moyo mweupe kabisa kwamba wanamlea mbwa pamoja.

Hapo ndipo inapozaliwa kauli ambayo nadhani imewachosha watu wengi kuliko matusi: "Si ungeniambia tu?" Msemaji anaamini anajitolea. Anachokisema hasa ni kwamba kuona haja si kazi yake, kazi yake ni kutekeleza atakachoelekezwa. Mwenzake sasa ana mzigo wa mbwa na mzigo wa msaidizi. Wahenga walikwisha kulisema hili bila utafiti: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Paka naye ana namna yake ya kuiumbua nyumba. Katika nyumba ambayo hakuna mwenye jukumu la kumlisha, yaani "sote tunamlisha", paka hula mara mbili. Akishamaliza cha jikoni humfuata wa pili sebuleni akilia kana kwamba hajaona chakula tangu juzi, na wa pili, kwa huruma, anamwongezea. Jambo hili linachekesha kwa miezi michache. Paka mnene kupita kiasi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kisukari na maumivu ya viungo, na daktari atakapouliza anakula kiasi gani kwa siku, kila mmoja atataja nusu aliyoitoa yeye.

Mfano wa pili hauna kichekesho. Paka dume wanaweza kuziba njia ya mkojo. Dalili yake ya mwanzo ni ndogo: anaingia kwenye sanduku lake la mchanga, anachuchumaa, anajikamua, anatoka, anarudi, na mchanga ni mkavu. Asipotibiwa haraka, sumu ambazo zingetoka kwa mkojo hurudi kwenye damu na anaweza kufa katika siku chache. Sasa nani anayejua kwamba mchanga ni mkavu? Ni anayelisafisha sanduku peke yake. Na kama wanalisafisha kwa kupokezana bila kuambiana, inawezekana asijue hata mmoja, kwa sababu kila mmoja akiukuta mchanga safi atadhani mwenzake amepita muda si mrefu. Hii ndiyo sababu siamini sana katika mgawanyo wa "leo wewe, kesho mimi". Unagawa mikono sawasawa, lakini jicho la kufuatilia linapotea katikati.

Pengine msomaji anajiuliza kwa nini wenzi wasikae chini tu wakahesabu. Wamejaribu wengi. Mwaka 1979 Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza mume na mke, kila mmoja peke yake, anafanya sehemu gani ya shughuli mbalimbali za nyumbani. Walipozijumlisha namba za mume na za mke, kwa wanandoa walio wengi jumla ilizidi asilimia 100. Kinachonifurahisha katika utafiti ule ni kwamba haikuwa majisifu matupu, maana watu walijipa sehemu kubwa kuliko haki hata katika mambo yasiyo ya sifa, kama kuanzisha ugomvi. Tatizo lilikuwa kumbukumbu. Kazi niliyoifanya mimi naikumbuka kwa jasho lake, na ya kwako naikuta imekwisha. Kwa hiyo mabishano ya nani anafanya zaidi hayawezi kumalizwa na kumbukumbu za wale wanaobishana, na kila anayeyaanzisha kwa kusema "mimi nafanya nusu" anaamini kwa dhati anachokisema.

Kwa upande wa hobi, mambo yana sura nyingine kidogo. Hobi haifi njaa. Lakini nayo inakula muda, nafasi na pesa, na swali la nani anailipia halijibiwi kwa kuitangaza kuwa "yetu". Robert Stebbins, mwanasosholojia wa Canada, alianza mwaka 1982 kutofautisha burudani ya kupitishia muda na ile ambayo mtu huizamia: anajifunza, anavumilia kushindwa, anapanda ngazi, na mwishowe anajitambulisha kwayo. Anayefuma fulana moja kwa mwaka na anayejua uzi wa kila aina kwa kuugusa hawafanyi kitu kimoja, hata wakikaa kiti kimoja. Shida ya wenzi wengi ni kwamba mmoja ameizamia hobi na mwingine anapitisha muda humohumo, kisha wanashangaa kwa nini wanachokozana.

Na kuna utafiti ambao ningependa kila mshauri wa ndoa aubandike mlangoni. Mwaka 2002 Duane Crawford, Ted Huston na wenzao walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanandoa wa Marekani kwa miaka kadhaa, wakiangalia mume na mke wanafanya burudani zipi na nani anazipenda. Kutoridhika kwa wake kulihusiana na burudani ambazo waume walizipenda na wake hawakuzipenda, iwe waume walizifanya peke yao au waliandamana na wake zao. Tusome tena sehemu ya mwisho. Kuandamana hakukuponya. Mke aliyekuwa pale, aliyetoa muda wake, hakuondoka na furaha kwa sababu tu alikuwa pale. Wanaosema "cha muhimu ni kuwa pamoja" wana deni la kulijibu hili.

Tangi la samaki linaunganisha hobi na mnyama katika kioo kimoja, na mimi naliona kuwa mtihani mgumu kuliko mbwa. Tangi jipya likijazwa maji leo haliwezi kupokea samaki kesho. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, na wa aina nyingine huigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kuongezeka vya kutosha, na wengi wao huishi kwenye sifongo ya chujio. Mwenye hobi anayajua yote haya na anayatekeleza kimya kimya: anapima maji, anabadilisha sehemu yake kila wiki, anaondoa klorini kwanza. Mwenza wake anaona kioo kizuri chenye rangi.

Kisha siku moja mwenza, akitaka kusaidia, anaitoa ile sifongo yenye uchafu wa kahawia na kuiosha kwa maji ya bomba mpaka inang'aa. Klorini inawaua bakteria, amonia inapanda, samaki wanaanza kuhema juu ya maji. Amefanya kazi, tena ya uchafu ambayo watu huikimbia, na matokeo yake ni msiba. Nani wa kulaumiwa? Nadhani wote, lakini si kwa kipimo kimoja. Yule wa kwanza aliuficha ujuzi ndani ya raha yake, akafurahia kuwa fundi pekee wa nyumba. Wako wenye hobi wa namna hiyo, na huwa wepesi kulalamika kwamba hawasaidiwi.

Kwa hiyo napendekeza jambo lisilo na mahaba hata kidogo: hobi ya mtu mmoja iitwe ya mtu mmoja. Asilazimishwe mwenzake kuipenda wala kuihudhuria. Kinachopaswa kuwa sawa ni saa. Marybeth Mattingly na Suzanne Bianchi, walipochambua matumizi ya muda ya Wamarekani katika utafiti wa mwaka 2003, walikuta wanaume wana muda huru mwingi kuliko wanawake, na kwamba muda wa wanawake umekatikakatika zaidi. Saa tatu mfululizo za kupiga gita na saa tatu zilizogawanyika vipande vya dakika 15 kati ya nguo za kuanika na mtoto anayeita haziwezi kuitwa sawa, hata kama hesabu inalingana. Mwenye gita akimwachia mwenzake saa tatu zisizokatika, mlango umefungwa na hakuna anayebisha kuuliza kitu kiko wapi, ametoa zaidi kuliko angeketi naye kumtazama akichora.

Turudi kwa wanyama, maana nimewaonea kidogo kwa kuwataja kama mzigo mtupu. Mwaka 2002 Karen Allen na wenzake waliwapa mtihani wanandoa 240, nusu yao wakiwa na paka au mbwa. Waliwapa hesabu za kichwani na kuwatumbukiza mkono kwenye maji ya barafu, huku wakipima mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Watu walitulia zaidi, na kurudi katika hali ya kawaida upesi zaidi, mnyama wao akiwa karibu kuliko mwenzi wao akiwa karibu. Wengi huusimulia utafiti huu kama mzaha dhidi ya ndoa. Mimi nauona una mantiki nyepesi: mbele ya mume au mke, mtu anayekosea kutoa 3 kwenye namba kubwa anajua kuna anayemsikia akikosea. Mbwa hana habari na hesabu.

Kutokuwa na habari huko ndiko kunakomfanya mnyama afae kwa kazi nyingine, ya upatanishi. Mwanaisimu Deborah Tannen aliandika mwaka 2004 jinsi watu wa familia wanavyosema kupitia wanyama wao: mtu anamsemea mbwa, au anamwambia mbwa jambo linalomhusu aliyeko chumbani. "Leo hakuna aliyekutoa nje, ee? Pole." Lawama imefika, lakini imevaa manyoya, na mwenye kulaumiwa anaweza kucheka, akainuka, akaichukua kamba bila kukiri lolote. Ni ufundi wa kuheshimika. Una ukomo wake lakini. Nyumba ambayo lawama zote hupitia kwa mbwa kwa miaka ni nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuambiwa jambo usoni, na mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13 tu.

Wenzi wasipojibizana wenyewe, kuna siku anauliza mtu wa nje. Kwa muda mrefu sheria za nchi nyingi zilimhesabu mnyama kama mali, sawa na kabati, na wenzi wakiachana swali lilikuwa nani alimnunua. Hilo limeanza kubadilika. Katika jimbo la California, tangu mwaka 2019 jaji anaweza kuamua mnyama akae na nani kwa kuzingatia matunzo yake, na sheria yenyewe inayataja: chakula, maji, matibabu, mahali salama pa kukaa. Uhispania ilibadilisha sheria zake za kiraia kuanzia Januari 2022, ikawatambua wanyama kuwa viumbe wenye hisia, na sasa wenzi wakitengana panaangaliwa ustawi wa mnyama na nani atabeba gharama za kumtunza, hata kama jina la mwenye mali ni la mwingine. Ukiwa mbele ya jaji wa namna hiyo, picha mlizopiga wote watatu hazikusaidii sana. Anayejua jina la dawa ndiye mwenye la kusema.

Kabla ya kufika huko, njia ninayoiona inafanya kazi ni kukabidhi jambo zima badala ya kipande chake. Kulisha paka kuwe kwa mmoja, kuanzia kuona mfuko unapungua hadi kujua amebakiza nini kwenye bakuli. Afya yake, kwa maana ya kadi, tarehe na daktari, iwe kwa mwingine. Anayekabidhi anatakiwa naye akubali sehemu ngumu, yaani kunyamaza jambo linapofanywa tofauti na alivyokuwa akifanya yeye, maadamu mnyama hadhuriki. Wengi wanaolalamika kuelemewa hushindwa hapo. Wanatoa kazi na kubaki na usimamizi, kisha wanashangaa kwamba hawajapumzika.

Kuna hali moja inayoyafanya makabidhiano haya yatokee bila mjadala. Madaktari huwashauri wajawazito wasisafishe sanduku la mchanga la paka kama yupo mwingine wa kulisafisha, kwa sababu ya vimelea vya toksoplasma vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vimelea hivyo vikitoka kwenye kinyesi cha paka huhitaji kati ya siku 1 na 5 kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana sanduku linatakiwa lisafishwe kila siku, na sio atakapokumbuka mtu. Basi kwa miezi kadhaa mume ambaye hakuwahi kuligusa analishika peke yake, na kila siku. Anajifunza mchanga unakwisha lini. Anajua paka alikojoa mara ngapi. Anaanza kuamka na jambo hilo kichwani bila kuambiwa. Baadaye mtoto anazaliwa, na hakuna anayetangaza kwamba sanduku limerudi kwa mwenyewe wa zamani. Linarudi tu, katika nyumba nyingi, tena kwa mtu ambaye sasa ana mtoto mchanga mkononi.